Herufi Inayopiga Teke

Watu wakiniuliza gazeti letu la kwanza lilianzaje, wanataka niwataje wakubwa. Sitawataja. Lilianza kwa sababu nilijua kuchagua maharagwe, na lilikaribia kufa kwa sababu ya herufi moja.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, kwenye kilima cha kusini mwa Masisi, huko Kivu, mahali ambapo ukishuka kidogo unafika Ngungu. Kabla ya ndoa nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwenye shule ya misheni. Siku hizo mwalimu mwanamke akiolewa, kazi yake iliishia hapo. Nilirudisha chaki, nikapewa jembe. Wenzangu wa rika langu wakisimulia wanasema waliona sawa tu, lakini mimi sikuona sawa hata kidogo. Nilichukia, na kwa kuwa nina hasira za karibu, kila mtu nyumbani alijua kwamba nimechukia. Mama mkwe wangu, ambaye aliweza kuona jani moja la magugu kutoka kilima cha pili, aliniacha ninune huku akinionyesha mstari mwingine wa kupalilia.

Mashini yenyewe ya kuchapa gazeti ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Ililetwa na mkoloni mmoja mwenye ng'ombe na mashamba juu ya milima, na aliitumia kuchapa gazeti dogo la Kifaransa la wenye mashamba wenzake: nani ana fahali wa kuuza, mvua ya mawe imeanguka wapi, binti wa nani ameposwa. Siku nyingine ilichapa etiketi za kubandika kwenye jibini. Uhuru ulipofika yule bwana aliondoka, akaiacha kwenye hangari, na kuku wakaanza kutaga ndani ya masanduku ya herufi. Aliyebaki nayo ni mzee mmoja aliyekuwa akiikanyaga pedali miaka yote. Sisi sote tulimwita Papa Mashini. Ndiye aliyekwenda misheni kumwambia Padri kwamba kuku wanalalia kitu cha maana.

Wanaume wa kilima waliibeba begani kwa miti, namna tunavyobeba mgonjwa kwenye tipoyi kumpeleka dispensari. Walitembea siku nzima wakiimba, na walipoitua nyuma ya kanisa wanawake walipiga vigelegele kana kwamba ni bibi arusi. Mimi pia nilipiga, ingawa sikujua bado kwamba ni yangu.

Siku chache baadaye tulikuwa uani kwa misheni, wanawake wengi, tukichagua mbegu. Maharagwe yetu huvunwa yamechanganyika, meupe, mekundu, yenye michirizi, na mbegu lazima zitenganishwe. Nilikuwa nikichagua huku nikibishana na jirani yangu, simtazami wala sitazami chini, na punje zinakwenda kila moja kwenye kikapu chake. Padri akasimama nyuma yangu. Alikuwa Mzungu mrefu, aliyejifunza Kiswahili kitabuni kabla ya kufika kwetu, na alikisema polepole, kila neno limepigwa pasi.

"Mama," akasema, "mikono yako inaona."

Kesho yake alinimwagia mezani rundo la herufi za risasi. Kila herufi ni kijiti kidogo cha chuma laini, na kichwani mwake kuna uso wa herufi uliogeuzwa, ili ukigonga karatasi usomeke sawa. Kuku walikuwa wamezichanganya zote. Nilizitenganisha kabla ya chakula cha mchana. Papa Mashini akanifundisha kuzipanga kwenye kibao cha chuma, mstari baada ya mstari, kichwa chini, na kusoma kinyume bila kusita. Baada ya wiki mbili nilikuwa nasoma kinyume kwa haraka kuliko watu wanavyosoma sawa, na nilijua kwamba nimepata kazi yangu. Sikuwa nimesahau chaki, ila niliacha kuililia.

Mama mkwe alikubali niende asubuhi, mradi nirudi shambani jua likipinduka. Hakuona kuna nini huko. "Kuchagula vyuma," aliwaambia majirani. "Sisi tuko na maharagi ya kuchagula, ye anaenda kuchagula vyuma."

Gazeti lilihitaji jina. Padri aliuliza watu baada ya misa, na watu hawakuchelewa: Kwetu. Lilikuwa gazeti la milima yetu na la msitu wa Walikale, la barua za watu, za mbegu, za njia na za shule, na lingeandikwa Kiswahili ili kila mtu asikie. Hakuna aliyetaka jina jingine.

Ndipo shida ikatokea. Sanduku la herufi lilikuwa la Kifaransa. Nafasi ya e ilikuwa kubwa, imejaa. Nafasi ya k ilikuwa pembeni kabisa, ndogo kama ya kuwekea vidonge, maana Mfaransa k anaitumia kwa kilo na kilometa, kisha anaisahau. W nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo neno lile moja, kwetu, lilianza na herufi mbili ambazo mashini ilikuwa nazo kwa kubahatisha.

Tulijitahidi. Kwa jina la juu, lenye herufi kubwa za mbao, tulipata K moja tu, ambayo mkoloni aliichongesha kwa ajili ya Kivu. W hatukuwa nayo kabisa, tukapindua M, ikasimama kichwa chini na miguu imetanuka. W ndogo tulizitengeneza kwa kubana v mbili pamoja. Y zilipoisha tulipindua h, na ukitazama haraka hujui. Tena tulipanga ukurasa mmoja, tukauchapa, tukaubomoa, ndipo tukapanga mwingine, ili herufi zile zile zifanye kazi mara nne. Lakini k peke yake haikuwa na ndugu. Ukiipindua chini juu, ukaibana na nyingine, hakuna herufi inayokubali kuwa k. Na zile tulizokuwa nazo ziliisha kabla hatujafika katikati ya barua ya kwanza.

Katika hali hiyo Padri alipata barua kutoka mjini. Wakubwa wake walisikia kwamba mashini iko, na kwamba haifanyi lolote. Walisema Jumamosi ya Pasaka lori litapanda. Kama tutakuwa tumechapa gazeti la kurasa nne, na watu wanalisoma, mashini itabaki. Kama sivyo, itashuka mjini, kwenye kazi ya Kifaransa iliyozaliwa nayo. Padri alitusomea barua hiyo akiwa amesimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliipenda mashini, ila hakuamini.

"Mashini hii haijui Kiswahili," akasema. "Si kosa lenu."

Nilisikia joto limenipanda mpaka masikioni. Nilimwambia mashini haijui Kifaransa pia, inajua kugonga tu, anayejua ni mtu aliyeshika herufi. Papa Mashini alikohoa ili ninyamaze. Padri akatabasamu, akaenda zake, na mimi nikabaki nikijua kwamba lori likiishusha mashini mimi nitarudi kwenye magugu, siku nzima, maisha yote, na hakutakuwa na mlango mwingine.

Basi tukafanya ujanja. Tuliamua kuandika gazeti zima kwa kukwepa k. Leo nacheka, lakini wakati ule tulikuwa na sura za watu wa mtihani. Kuku tukamwita ndege wa nyumbani. Kanisa likawa nyumba ya Mungu. Walikale yenyewe ina k katikati, kwa hiyo wenzetu wa kule wakaitwa ndugu zetu wa msituni. Kisha nikagundua jambo ambalo mwalimu mzima sikuwahi kuliona: kwa Kiswahili karibu kila tendo la binadamu linaanza na k. Kula, kulala, kulima, kuoa, kufa. Kwenye gazeti letu hakuna mtu aliyeweza kulima wala kufa. Watu walilima jana, wanalima leo, ila kulima kwenyewe hakukuwepo.

Na zaidi ya yote kulikuwa na iko. Kwetu mtu haongei maneno matatu bila iko. Njia iko mbaya, mutoto iko mugonjwa, Mungu iko. Padri alifurahi kuitoa, maana kitabu chake hakikuijua iko namna hiyo. Tuliweka ni, tuliweka ipo, na tulipomaliza ukurasa wa kujaribia alisema ni Kiswahili safi kabisa.

Jumapili ile nilisimama mbele ya kanisa nikausoma kwa sauti. Nilitegemea makofi. Watu walisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, namna wanavyomsikiliza mgeni anayepita. Nilipofika kwa ndege wa nyumbani mtu mmoja nyuma akauliza kama ni kanga. Nikamaliza. Mama mkwe wangu akainuka. Hakuwa na kawaida ya kusema mbele za watu.

"Mulisema gazeti iko ya kwetu," akasema. "Mbona iko haiko ndani?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mabenchi. Hata Padri alicheka. Mimi sikucheka. Nilikunja karatasi, nikaenda moja kwa moja shambani na nguo zangu za misa, nikapalilia mpaka mvua ikanifukuza. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Kila mtu mle ndani alisikia ninachosema, na hakuna aliyejisikia mwenyewe. Siku mbili sikuenda kwenye mashini. Nilipalilia vizuri sana siku hizo, mama mkwe mwenyewe alishangaa.

Siku ya tatu Papa Mashini alipanda kilima, akasimama pembeni ya shamba akihema.

"Mama, unakumbuka ile chuma ya pedali, penye iliungwa?" akaniuliza.

Nikasema naikumbuka.

"Ilivunjika wakati ya Muzungu. Njo maana nilitembea nayo mpaka Ntoto. Kule kuko fundi moja ya chuma, aliiunga, mpaka leo haiyavunjika. Ule papa anatengeneza majembe, anayeyusha na vikuku vya shaba. Kama anaweza kuyeyusha shaba, risasi itamushinda?"

Niliweka jembe chini. Nilimtazama mama mkwe. Kulikuwa na wanawake waliokuwa wakijiandaa kushuka Ntoto kubadilisha maharagwe na mawese, na nikamwambia naweza kwenda nao, nimletee mawese. Alijua vizuri kwamba siendi kwa ajili ya mawese. Alinipimia kikapu cha maharagwe, akasema nisikubali mawese ya zamani.

Risasi tulitoa kwenye betri ya lori bovu la mkoloni, lililokuwa limeota majani. Papa Mashini alibeba risasi, mimi nikabeba maharagwe, na shingoni nilivaa kifuko chenye k moja nzima na karatasi ile ya kujaribia. Tulitembea kutoka baridi ya milima hadi kwenye joto la msitu, siku mbili, tukivuka mito kwa miti iliyoteleza. Wanawake wenzangu walinitania njia nzima kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza waliyemwona akisafirisha herufi moja kwenda kuolewa.

Fundi wa Ntoto alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono iliyoungua hapa na pale. Hakujua kusoma, na hakuona aibu kulisema. Aliichukua k yetu, akaitazama kwa jicho moja.

"Huyu anapiga teke," akasema.

Na kweli. Mtu amesimama wima, mkono juu, mguu mbele. Tangu siku hiyo sijawahi kuiona k kwa namna nyingine. Nikamwonyesha kwenye karatasi k chache zilizokuwepo, ili aone kazi yake itakuwa nini. Alitazama karatasi, akatazama ile k ya risasi, akatazama tena karatasi. Kisha akaniambia twende tupumzike, kesho zitakuwa tayari.

Kesho yake zilikuwa tayari, zimepangwa juu ya jani la mgomba, zinang'aa. Nilichukua moja, nyingine, nyingine tena. Zote zilikuwa kinyume. Nyuso zilitazama upande ambao herufi ya risasi haipaswi kutazama.

"Papa," nikasema, na sauti yangu haikuwa na adabu, nakiri, "hizi zote umezigeuza."

"Njo nimezitengeneza, dada," akajibu kwa upole. "Ile yako iliharibika. Iliangalia huku, na kwa karatasi wote wanaangalia kule. Sikutaka kukupatisha haya mbele ya yule mzee, njo maana nilinyamaza."

Alikuwa ameona kwamba nimetembea siku mbili na kitu kibovu, na kwa heshima hakuniambia. Akachonga umbo jipya kwenye udongo, mguu ukaelekea upande wa karatasi, kwa jicho tu. Hasira zangu zilikwama njiani. Utamkaripia vipi mtu aliyekosa kwa kukuheshimu? Nilichanganya masizi na mawese, nikaipaka k yake, nikaigonga kwenye ganda jeupe la mgomba. Ikatoka inapiga teke nyuma. Nikaipaka ile ya zamani, nikagonga. Ikatoka sawa.

Fundi alizitazama zote mbili, akachukua ya zamani, akaigonga mwenyewe mara kadhaa kwenye mkono wake. Kisha akaanza kucheka, akaita majirani, akawagonga nao mikononi. "Inaangalia vibaya ili iseme vizuri," aliwaambia. Sijasikia mtu mwingine aliyeeleza kazi yetu kwa maneno machache hivyo.

Akaziyeyusha zote, akaikandamiza k yetu yenyewe kwenye udongo laini wa kichuguu, akaanza upya. Tulikaa siku tatu. Alipenda kazi hiyo, alizungumza nazo, akaikemea kila moja iliyotoka na mguu mfupi. Hakutaka kitu isipokuwa ahadi kwamba siku gazeti litakapotoka litafika Ntoto na ataziona. Nikaahidi. Mawese niliyapata pia, mapya.

Nyumbani kazi haikuwa imeisha, maana k za Ntoto zilipita herufi nyingine kwa kimo. Ndefu kidogo tu, lakini kwenye mashini herufi ndefu inatoboa karatasi. Ilibidi kila moja isuguliwe chini ya kijiti chake mpaka ilingane na wenzake. Mama mkwe alinikuta nyuma ya nyumba nimeshika jiwe lake la kusagia.

"Hii ya kusagia unga, hapana," akasema. Nikangoja yaliyobaki. Alizunguka nyumba, akarudi amebeba jiwe la zamani, lililopasuka, akaliweka mbele yangu. "Sugua na hii." Akakaa kwenye kigoda akanitazama nikisugua, akaokota k moja, akaigeuza geuza, akairudisha.

Sasa tulikuwa na k. Padri alirudi na karatasi zake za Kiswahili safi, nikamwambia hapana. Nilimwambia tutaandika namna watu walivyozileta barua zao, na iko yao, na kuku wao, na Walikale kwa jina lake. Alisema kitabu hakikubali. Nikamwambia lori haliji kuuliza kitabu, linakuja kuuliza kama watu wanasoma. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi, Mama," akasema. "Panga."

Nilipanga. Nilipanga barua ya mwanamke wa Ngungu juu ya mbegu zilizooza, barua ya mwalimu wa Itebero aliyetembea na watoto wa mtihani siku nne kwenye matope, habari ya daraja lililojengwa na watu wenyewe. Njia iko mbaya, ikaandikwa iko mbaya. Kila nilipofikia k sikuhesabu tena zilizobaki, mkono uliingia kwenye nafasi yake ukatoka nayo. Furaha hiyo siwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kukosa herufi.

Jumamosi ya Pasaka lori lilipanda asubuhi, limejaa tope mpaka kwenye vioo. Walishuka dereva na wanaume wawili wenye kamba. Kurasa tatu zilikuwa zimechapwa, zimekaukia kwenye nyuzi. Ukurasa wa kwanza, ambao huchapwa mwisho, ulikuwa kwenye mashini, umefungwa, isipokuwa nafasi nyeupe juu, chini ya jina. Padri alikuwa amekusudia kuweka hapo Pasaka Njema. Papa Mashini mguu wake ulikuwa tayari kwenye pedali. Dereva akasimama mlangoni.

"Njo hii mashini?" akauliza. "Tuanze kufunga kamba?"

Padri alinigeukia mimi. "Mama," akasema, "tuandike nini hapo juu?"

Sikufikiri. Herufi kubwa, pamoja na ile K moja, zilikuwa zimetumika kwenye jina, kwa hiyo nilichukua ndogo, zile zile za barua. Nilipanga maneno matatu, kichwa chini, kinyume, nikayaweka katikati ya ile nafasi nyeupe, nikakaza. Papa Mashini akakanyaga. Karatasi ya kwanza ikatoka, na Padri akaichukua kabla haijakauka. Akasoma kimya. Kisha akampa dereva, akamwambia asome kwa sauti.

"Mashini iko kwetu," dereva akasoma.

K zote mbili zilitoka Ntoto. Ya pili ilikuwa na mguu mfupi kidogo, ile ambayo fundi aliikemea. Dereva alirudi mwanzo, akaendelea kusoma barua ya Ngungu, akafika kwa mbegu zilizooza, akacheka, akasema hata kwao iko vile vile. Wale wawili wa kamba wakaja nyuma ya mabega yake wakitaka kusikia. Alisoma ukurasa wote akiwa amesimama mlangoni, na Padri akamwacha amalize, huku Papa Mashini akichapa nyingine. Alipomaliza akauliza kama anaweza kuichukua karatasi ile.

"Ichukue," Padri akasema. "Na hizi uwapelekee wakubwa wangu." Kisha akaongeza, na hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akiacha kitabu chake, "Mashini iko na kazi."

Lori lilishuka na maharagwe. Wanawake wa mawese walibeba magazeti mengine hadi Ntoto, na kutoka Ntoto watu wengine wakayafikisha Itebero, ambako baada ya kusomwa kanisani yalibandikwa ukutani kwenye nyumba ili yasipotee. Fundi alituma ujumbe. Alikuwa amepita karatasi nzima kwa kidole, na kila aliyepiga teke alimtambua. Aliuliza tunahitaji herufi gani nyingine. Gazeti liliendelea, mwezi kwa mwezi, lilipowezekana, na nililipanga kwa miaka mingi, na barua zikawa nyingi kuliko kurasa.

Lakini siku ile ya lori, nilipotoka kwenye mashini, jua lilikuwa limeshapinduka zamani. Nilikuwa nimechelewa kwa shamba. Nilipanda kilima mbio na gazeti mkononi, wino mpaka kwenye viwiko, nikijua nitaambiwa nini. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele ya nyumba, na maharagwe ya mbegu yamemwagwa kwenye mkeka, hayajachaguliwa. Ilikuwa zamu yangu. Alinyoosha mkono, akalichukua gazeti, akalitazama, kisha akanirudishia.

"Soma," akasema.

Nikasoma yale maneno matatu. Akataka nirudie, nikarudia. Akatazama mikono yangu.

"Iko ndani," akasema.

"Iko ndani, Mama."

Nikakunja nguo yangu, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikaingiza vidole kwenye maharagwe. Akavisukuma vidole vyangu pembeni na kuuvuta mkeka kwake.

"Acha. Barua ya batu itaandikwa na nani?" akasema. "Rudia ku kazi yako. Hii nitachagula miye."